Gitaa la Baba

Jumapili iliyopita, kwenye baa moja ya Kawe, gitaa la ridhim lilikatika sauti katikati ya wimbo. Solo likabaki linalia peke yake, na waliokuwa wanacheza wakarudi kukaa.

Nilimkumbuka baba, mchana ule aliponipeleka mazoezini Temeke, ukumbini kunanuka bia ya jana. Mtaani nilikuwa nimeshatamba kwamba ile sauti tamu ya gitaa kwenye nyimbo za bendi yao ni yake. Kumbe ilikuwa ya Anko Side, mpiga solo wao. Baba alisimama ukutani, anakwangua ridhim, kitu kilekile tangu mwanzo wa wimbo.

"Baba, umenidanganya," nilimwambia, nalia.

"Mie nilikwambia napiga gitaa tu, mwanangu."

Alijua kwamba akinyamaza yeye, ukumbi mzima unakaa. Si angeniambia? Akaniacha nimwone mdogo mpaka tukamzika.