Maziwa Ambayo Binti Yetu Aliyakataa

Jumanne, katikati ya Julai. Ukungu haukuinuka mchana kutwa, na manyunyu yalikuwa yale ya kulowesha kitambaa cha kichwa bila mtu kujua.

Leo binti yetu alipimwa katika chuo cha ufundi, Nyeri mjini. Miaka mitatu amekuwa akipokea maziwa ya wakulima kwenye kituo chetu hapa Mukurweini. Chuo kilisema kwamba kwa mfumo huu wa umilisi, kazi unayoijua unaionyesha, na ukipita hulipii kufundishwa tena. Sijui kama naeleza vizuri, mimi niliachia darasa la saba. Nilichoelewa ni kwamba asipopita, angelipia kozi nzima, na karo ya kozi nzima ni bei ya mtamba wetu mwenye mimba. Baba yake alishamwita broka wa ng'ombe aje jioni.

Nilimsindikiza. Labda si vizuri mama kumsindikiza mtu mzima, lakini hakunifukuza. Wazazi tulikaa kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi.

Mwalimu, mama wa makamo, alimwekea mtungi wa maziwa, laktomita ya kujua kama yametiwa maji, na chupa ya spiriti ya kujua kama yanaganda. "Haya, nionyeshe vile unapokea."

Binti yangu hakugusa hata kimoja cha vile vipimo. Alifungua mtungi, akanusa kifuniko, kama anavyofanya kila asubuhi kabla hata ya kumsalimia mwenye maziwa. Akakirudisha.

"Haya siyapokei."

"Na hujapima!"

"Yananuka kabichi, mwalimu. Mwenyewe aambiwe ng'ombe alishwe kabichi baada ya kukamwa, si kabla."

"Mwenyewe ni mimi."

Mzee tuliyekaa naye akaninong'onezea, "Mama, anza kutafuta karo." Kusema ukweli, huko kunusa nilimfundisha mimi. Pale nilitamani ningemfundisha kidogo tu.

Mwalimu alikinusa kifuniko mwenyewe, kisha akacheka. "Nimerudishiwa maziwa kwangu! Haya, yapime hata hivyo, uniambie ubaya mwingine."

Binti yangu alipita kupokea, kupima na kuosha vyombo. Kwenye kuandika ripoti alianguka, na hakuonewa: alisahau kuandika maziwa yalikuwa na joto kiasi gani, haraka zake nazijua. Atasomea sehemu hiyo pekee, muhula mmoja, alipe kidogo kidogo kutoka kwa mshahara wake. Niliposikia hivyo nilimpigia baba yake simu kwamba mtamba hauzwi.

Lakini siwezi kusema mfumo huu umewafaa wote. Kijana wa yule mzee anataka ufundi wa umeme na hajawahi kupata kazi popote. Sasa yeye aonyeshe nini? Atalipa yote. Hata hivyo mzee alinipa mkono wa pongezi.

Nyumbani tulimkuta broka ameshafika, ameshika kamba.

"Nimetoka Naro Moru na hii baridi yote, ati ng'ombe imekataa kuuzwa?"

"Ng'ombe haijakataa," mume wangu akamwambia. "Ni msichana amepita."

"Basi mnipatie hata chakula, nisirudi na kamba tupu."

Hapo alikuwa na haki. Tulikula mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge, kwa mchuzi wa maharagwe, na broka akaongezwa mara mbili.