Anayevutwa Kinyumenyume

Mzee wa chumba cha mwisho hakubali kusukumwa. Kiti chake cha magurudumu huvutwa kinyumenyume, uso wake ukitazama kule walikotoka. Wafanyakazi wengine wa makao yale ya wazee pale Buffalo, Marekani, humcheka, lakini Esperance, Mkongo anayemhudumia tangu kiangazi, amekwisha kuzoea. Amezoea vidole virefu vinavyopapasa goti kana kwamba vinatafuta kitu cha kufyatua, na ile sauti ya chini inayomwita "binti" kila anapomlisha uji.

Asubuhi moja ndege ilinguruma juu ya paa, na Esperance, bakuli mkononi, akajikuta amejikunyata kando ya kitanda. Mzee akamtazama. "Mimi nilikaa mkiani," akasema. "Ndege ya mabomu, Vita vya Pili vya Dunia. Wenzangu walitazama mbele. Mimi na bunduki yangu tulitazama nyuma, kwa hiyo miji yote niliiona mimi ikiwaka." Esperance alikumbuka shamba la maharage kule Kivu, ndege ikipita, mama yake amemlalia mgongoni. "Mlikuwa mnatuona?" akauliza. Mzee hakulishangaa swali. "Hapana, binti. Moto tu. Mungu anisamehe, ulikuwa mzuri kutazama." Bakuli lilimponyoka likapasuka. Esperance alitoka nje ya chumba, akaegemea ukuta, akitaka kurudi ampige, akitaka kulia. Kisha akaenda kuchota uji mwingine, kwa sababu mzee alikuwa bado hajala.