Miti Thelathini na Sita ya Upande wa Kushoto

Halmashauri ya Jiji ilitamka, na tamko likapigwa muhuri na kubandikwa kwenye kila ubao wa matangazo uliokuwa na nafasi, kwamba ndani ya miaka mitano theluthi moja ya barabara zake zitakuwa chini ya kivuli cha miti. Kwamba vumbi na moshi vitapungua na wakazi watavuta hewa safi. Na kwamba kila mti utakaopandwa utajulikana ulipo, tangu siku ya kupandwa hadi siku ya kuzeeka.

Sehemu ndogo ya tamko hilo ilimwangukia mtu ambaye kwa miaka ishirini na saba alikuwa akilipwa kukata miti. Wenzake walimwita Msumeno, naye alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea cheo. Kazi yake ilikuwa kupandishwa na lori la ngazi hadi kwenye waya za umeme, na kuondoa kila tawi lililozisogelea. Kwa hiyo jiji alilijua kwa juu: bati la nani limeoza, tangi la nani halina mfuniko, nani huanika nguo za ndani mbele na nani huzificha nyuma. Mambo ya chini hakuyafuatilia sana. Kisha asubuhi moja idara yake ikaamka ikiitwa Idara ya Kivuli na Hewa Safi, lori likapelekwa kwingine, naye akakabidhiwa jembe na miche thelathini na sita ya mijohoro.

"Kwani wamekosa mtu kabisa?" mkewe alimuuliza jioni hiyo. "Wewe hata kitunguu ukikikodolea macho kinanyauka."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara ileile ambayo Msumeno alipangiwa, na kwa hiyo aliyafahamu masuala ya hewa safi bila kusoma tamko. Alishona mashati ya shule. Kitambaa kilichotoka dukani cheupe asubuhi, ikifika saa sita mchana kilikuwa na rangi ya majivu, na yeye mwenyewe alikohoa kikohozi kikavu, kifupi, ambacho wateja walikizoea kama sauti nyingine ya cherehani. Kila alipoinuka kidogo aliifunika mashine kwa shuka kuukuu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Msumeno alipewa pia ramani. Ilikuwa na vitone vyekundu thelathini na sita, vimepangwa kwa upendo mkubwa, vyote upande wa kulia wa barabara ukitokea sokoni. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kwa mkuu wa idara.

"Bosi, upande huo juu kuna waya."

"Ramani imechorwa na wataalamu, mzee wangu."

"Na hao wataalamu walitazama juu?"

"Ramani haina juu," alisema mkuu wa idara kwa subira.

Msumeno akanyamaza. Mkuu wa idara akachukulia kwamba wameelewana, kosa ambalo wakuu wa idara wamelifanya tangu idara zianzishwe. Mtu aliyekata matawi chini ya waya kwa miaka ishirini na saba hawezi kupanda mti chini ya waya. Mkono wenyewe unagoma. Akavuka barabara, akachimba mashimo thelathini na sita upande wa kushoto ambako hakukuwa na waya hata mmoja, na akapanda.

Upande wa kushoto ndiko kilikokuwa chumba cha mkewe. Jambo hilo halikumpita kinyozi wa upande wa kulia.

"Msumeno!" alimpigia kelele mlangoni, kinyoleo mkononi, mteja kaachwa na nusu ya kichwa. "Mbona upande wa shemeji tu? Sisi huku hatuna mapafu?"

"Ninyi mna waya."

"Sema una mke!"

Msumeno hakukanusha. Alifyatua kifuniko cha dumu, akamwagia mche wa kwanza maji yaliyobaki ya kufulia, akaenda kwa wa pili. Alifanya hivyo kwa miaka miwili na nusu. Alifunga miche kwenye vijiti, akawafukuza mbuzi, akaweka matairi mabovu kuizuia isigongwe na magari yanayogeuzia pale. Mjohoro hauna makuu. Ukipewa maji na ukiachwa kwa amani, unakua kama unadaiwa. Mwaka wa tatu ulipoanza, ile safu ilikuwa imepita milango, imefika kwenye mabati, na matawi yake yalikuwa yakishikana mikono juu ya njia ya waenda kwa miguu. Majani ya upande wa barabarani yalikuwa ya kijivu kwa vumbi, na ya upande wa ndani ya kijani. Kitambaa cha mashati kikaanza kufika alasiri kikiwa bado cheupe. Kikohozi kikahama, kikarudi siku mbili tatu, kikahama tena. Fundi hakutoa tangazo lolote kuhusu hilo. Aliliondoa tu lile shuka kwenye cherehani, akalifua, akalitandika kitandani.

Ndipo akaja mkaguzi.

Alikuwa msichana mwenye adabu, kofia kubwa na kishikwambi. Msumeno alijua kinachomngoja. Sharti lilikuwa wazi na lilikuwa limesomwa mbele ya wafanyakazi wote: atakayekutwa na miti hai chini ya ishirini na mitano atahamishiwa kwenye mitaro. Msumeno alikuwa na miaka hamsini na saba, na goti la kushoto lililokwisha kula chumvi nyingi kuliko yeye. Kutoka kwenye ngazi hadi kwenye jembe alikuwa ameshashuka vya kutosha. Hata hivyo siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi, kwa sababu miti alikuwa nayo thelathini na sita, mizima, na kipofu angeweza kuihesabu kwa kupapasa.

Mkaguzi alikwenda upande wa kulia. Akasimama juani, kwenye kitone cha kwanza. Kishikwambi kikalia kwi, kikamuuliza: *Mti upo?* Kulikuwa na vitufe viwili. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akabonyeza *Hapana*.

"Mwanangu," Msumeno alimwita kutoka ng'ambo, "miti iko huku."

"Naiona, baba. Mizuri kweli." Akasogea hatua kumi hadi kitone cha pili. Kwi. *Hapana*.

Alipofika kitone cha tisa jua lilimzidi, akavuka kuja kupumzika. Fundi alimletea kigoda na maji. Akakaa kivulini, akajipepea kwa kofia, akasifu upepo, akashukuru, akavuka tena kwenda kuandika kwamba kitone cha kumi hakina mti.

"Dada, si ugeuze hicho kimashine kitazame huku!" kinyozi alisema. Yeye naye siku hizo alikuwa amehamishia benchi la wateja wake ng'ambo, chini ya mti wa kumi na nne, na hakutaka maneno.

"Kaka, mimi nina macho, lakini mfumo hauna. Unajua vitone tu." Alionekana kuumia kweli. "Baba, usikate tamaa. Kuna fomu."

Fomu ilikuwepo. Mkuu wa idara alimsomea Msumeno mwenyewe, kesho yake, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema. Kitone kikishaingia kwenye ramani hakihami. Mti, kwa upande mwingine, unaweza kuhamishwa. Fomu inaitwa Ombi la Kurekebisha Mahali pa Mti. Vibarua watakuja, watang'oa, watavusha barabara, watafukia palipopangwa, na Msumeno atabaki kwenye nafasi yake hadi atakapostaafu.

"Mti wa urefu huo ukiung'oa sasa unakufa, bosi."

"Sharti la kuwa hai litaangaliwa upya mwakani. Wiki ijayo wanaangalia mahali."

Alirudi nyumbani na fomu mbili, ya kuhamisha miti na ya kuhamishwa yeye. Mkewe alikuwa anapindua kola. Alizisoma zote mbili bila kusimamisha gurudumu.

"Waache waihamishe," alisema. "Goti lako na mtaro wapi na wapi? Utainama, halafu nani atakuinua? Mimi?"

"Na miti?"

"Miti si mali yako. Hata huyo kinyozi atasema ulinipandia mimi."

"Anasema hivyo tangu zamani."

"Basi ukubali, yaishe." Akakata uzi kwa meno. "Mimi nitatoa lile shuka kitandani, nifunike cherehani yangu kama mwanzo. Nilikuwa nimezoea."

Msumeno alikaa kimya, na safari hii hapakuwa na bosi wa kukosea maana yake. Nje gari la mizigo lilipita likitema moshi mweusi. Moshi ule ukajikokota hadi kwenye majani, ukasitasita. Mkewe hakukohoa.

"Huko mitaroni," Msumeno aliuliza mwishowe, "buti za mpira wanatoa?"

Gurudumu la cherehani likasimama.

"Sijui. Uliza."

"Mimi navaa namba tisa. Watu wa mitaro huwa na kumi tu."

"Utavaa na soksi mbili," mkewe alisema, akainamia tena kola, na kwa muda mrefu hakuinua uso.

Msumeno alijaza fomu moja. Mahali palipoandikwa *Sababu ya uhamisho* aliandika *Waya*. Ile nyingine, ya kuhamisha miti, mkewe aliitumia kuchorea kipimo cha mfuko wa shati.

Ripoti ya mwaka ilitoka kwa wakati. Barabara ile ilipata sifuri kati ya thelathini na sita. Ya kwanza kwa jiji zima ilikuwa barabara inayopakana nayo, ambako kila mche ulipandwa juu ya kitone chake. Imepewa cheti, na wakaguzi kutoka miji mingine huletwa kujifunza. Watu wa umeme hupita chini ya waya za pale na misumeno kila baada ya miezi minne, na huikata chini ili isizifikie waya kabla hawajarudi. Miti yote ipo mahali pake, na mrefu kuliko yote unamfika mtu mzima kiunoni.