Magugu ya Kando ya Reli, Evere

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ya miaka ya tisini nilipotupa jembe na kumwambia Maman Bahati kwamba mimi basi, sirudi tena shambani.

Maman Bahati alikuwa mdogo wake mama yangu. Ndiye aliyenipokea Brussels nilipokimbia vita Bukavu, huko Kongo, msichana wa miaka ishirini, nikiwa bado nashtuka mlango ukigongwa. Alikuwa na kishamba huko Evere, kando ya reli, akipanda lengalenga, yaani mchicha, na maboga. Jirani yake alikuwa mzee Mbelgiji, Monsieur Jef.

Mwaka ule magugu yalishuka kutoka kwenye tuta la reli. Wenyewe huyaita renouée. Shina lake ni kama mwanzi. Likichipuka juma hili, juma lijalo limekufika kiunoni. Ukiacha udongoni kipande cha mzizi, hata kidogo kama kidole, kinaota upya. Yalimeza viazi vyote vya Monsieur Jef. Akafunga kibanda chake cha zana, akasema, "C'est fini," yaani basi, imekwisha, akaenda zake.

Sisi tukang'oa. Tulipomaliza upande wetu, Maman akavuka kamba ya mpaka, akaanza upande wa Jef. Hapo ndipo nilipotupa jembe.

"Mwenyewe amekimbia! Tunamlimia kwa nini?"

Hakuinua sauti. "Mutoto, hii majani inapitia kwake. Tukisafisha kwetu tu, kesho iko tena hapa. Bukavu nilikimbia bunduki. Alors, majani iko na bunduki? Okota jembe."

Nikaliokota. Kusema kweli, niliona haya kuliko nilivyoelewa.

Tulirudi kila Jumamosi, mvua au baridi, tukichimba mizizi na kuitia mifukoni isidondoke hata chembe. Mwaka wa kwanza yalituzidi. Wa pili nililia kwa hasira. Wa tatu machipukizi yakaja membamba, yamefifia. Ndipo asubuhi moja tukamkuta Monsieur Jef amesimama kwenye udongo wake mtupu, kofia mkononi. Akafungua kibanda, akatoa koleo, akaanza kuchimba mbele yetu, kuelekea relini.

Tuta lenyewe hatujalishinda mpaka leo. Lakini mashamba yale yangali mashamba.

Basi, mwanangu, baya likiingia kwa jirani, usingoje likufikie. Vuka umsaidie, hata kama yeye amekata tamaa. Na ukishaanza, rudi, urudi tena, hasa siku ambazo huoni tofauti yoyote. Mungu akutie nguvu mikononi, akupe majirani wema, akuzeeshe katikati ya watu wako.