Maziwa ya Mama wa Kibakwe

Juzi niliona vijana wameegesha gari karibu na bwawa la Mtera, hema likiwa juu ya paa, nikakumbuka safari yetu ya Kibakwe. Baba aliuza vitenge minadani. Likizo ile alinichukua kwenye pikapu yake, na kila mji mdogo tuliofika tulilala chini ya turubai.

Tulifika Kibakwe alasiri, hewa ikinuka vumbi na ng'ombe. Baba alisimama uani kwa mama mmoja wa Kigogo.

"Shikamoo, mama. Tunaomba tulale hapa, kesho twende mnadani."

"Marahaba," alijibu. Akaleta kibuyu cha maziwa mgando, akapiga funda moja, ndipo akaninyooshea.

"Mimi sinywi makombo," nikasema.

Baba hakunikemea. Alikipokea kibuyu, akanywa, kisha akamimina chai yetu kikombeni, akaionja mbele ya mama na kumpa. Nilifurahi, nikidhani amemlipizia kisasi.

Mama aliinywa chai yote, akacheka. "Mtoto wako wa mjini anaogopa mate, sumu haogopi. Haya, fungeni turubai lenu."

Sikumwelewa. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba mwenyeji huonja kwanza ili mgeni aone hakuna ubaya ndani. Leo mgeni akija kwangu, nami huonja kwanza. Lakini maziwa ya mama yule sikuyanywa, na kulipokucha tuliondoka.