Siku Nyungunyungu Wangu Walipohudhuria Posa

Hii aibu nimekaa nayo kimya tangu ilipotokea, na ningenyamaza hivyo hivyo kama Kamau mume wangu hangeanza kuisimulia vibaya kwa watu wa kanisa, akijitoa kabisa kwenye kisa kana kwamba si yeye aliyeingia mbele ya mabibi wa watu akiwa na tai shingoni na kaptura chini. Kwa hivyo acheni niwaambie mwenyewe, mkicheka mcheke kitu kamili.

Kwanza mjue mimi Muthoni ni mtu wa kutaka kujua. Kazi yangu hapa Dubai ni kusafisha vyumba hotelini, na nikikuta mgeni ameacha kitu cha ajabu mezani siwezi kutoka bila kukigeuza nione chini kuna nini (siibi, natazama tu). Sasa siku moja nikaona kwenye simu video ya watu wanaoishi kaskazini kabisa mwa Ufini, mahali ambapo wakati wa baridi jua halichomozi kwa wiki nyingi, nao wanalima bila dawa wala mbolea ya dukani, familia kadhaa pamoja, wanakula kwenye nyumba moja kubwa, watoto wanakimbia katikati ya ng'ombe. Nikataka kujua. Hao ng'ombe wanakula nini theluji ikifunika kila kitu? Nani anaosha sufuria za watu wote hao? Wakigombana mtu anatoka nje kupoza hasira vipi, na nje kuna baridi ya kuua? Nikawaandikia, na mama mmoja anayeitwa Helka akanijibu kila swali, hata la choo.

Lakini lililonikamata halikuwa ng'ombe wala choo. Helka aliandika kwamba wao hupokea familia nzima, na mtoto hufika siku moja na wazazi wake. Sisi tuna Shiku, binti yetu, yuko Kenya, Kinangop kwenye baridi, kwa mama yangu tangu hajajua kutembea vizuri, kwa sababu mshahara wa Kamau (yeye ni mlinzi kwenye maghala kule Investments Park) ukiongeza na wangu bado hautoshi kumleta mtoto hapa na kumweka shule. Shiku alikuwa ameanza kumwita mama yangu Mum, na mimi ananiita Mum wa Dubai. Niliposoma barua ya Helka nililia ndani ya basi la wafanyakazi, watu wananitazama, na sikujali.

Kulikuwa na sharti moja. Kila familia inayotaka kujiunga ifuge nyungunyungu ndani ya nyumba kwa muda, kwa maana kwao udongo unalala chini ya theluji nusu ya mwaka, na hao wadudu wanakaa jikoni kwenye sanduku, wanakula maganda na kutoa mbolea. Halafu siku ya mazungumzo ya mwisho familia yote inakaa mbele ya simu, sanduku katikati, mtoto akiwemo, na kila mtu anasema amejifunza nini. Hapo ndipo wanaamua. Nikaenda Deira kwenye duka la vifaa vya kuvulia samaki, nikanunua nyungunyungu wa chambo, nikarudi nao kwenye basi nimewakumbatia.

"Yaani nimetoka Kinangop kuja Dubai kununua minyoo?" Kamau akaniuliza.

"Lete sanduku," nikamwambia.

Tunaishi Al Baraha, tumekodi chumba kimoja kwenye flati ya Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyeingia Dubai kabla mimi na Kamau hatujazaliwa. Anatupenda kama watoto wake, ila sebule yake anaipenda zaidi. Nyungunyungu hawawezi joto, kwa hivyo sanduku lilikaa chumbani kwetu chini ya AC, na waliishi vizuri, walinenepa, na wengine niliwapa majina (niacheni). Basi Ijumaa ile ile ya mazungumzo, mwezi wa saba, jua linachoma mpaka vitasa vya milango, AC yetu ikafa. Fundi kupigiwa anasema bukra, inshallah, yaani kesho. Saa sita mchana chumba kilikuwa tanuri, na upande wa pili wa ukuta AC mpya ya Bi Zuhura inapuliza baridi ya Kinangop asubuhi.

Shida ilikuwa moja. Baada ya Alasiri wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kumposa Salma, mjukuu wa Bi Zuhura, naye Bibi alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, "Mwanangu, leo sebuleni kwangu sitaki hata unyayo. Zulia nishalifukiza udi."

Nikajiambia sanduku si unyayo. Mnaona akili hiyo? Bibi akiwa chumbani kwake anaswali nikalibeba, nikalisukuma nyuma ya pazia chini ya AC, nikasema ni kwa muda mfupi tu, na kwa vile nilitaka wawe na nguvu siku yao ya kuonekana na wazungu, nikawamwagia maganda yote ya mananasi yaliyobaki kwenye juisi ya wageni. Wakati huo sikujua, Helka alinieleza baadaye, kwamba nyungunyungu akiwa kwenye mwanga hutulia ndani, lakini mtie gizani, mpe chakula kikali kinachomwasha ngozi, na yeye atahama.

Wageni walifika mapema (hapa Dubai nimeona mambo mengi lakini wageni wa posa kufika mapema sikuwahi). Wanawake wanne, mabuibui ya bei, wakiongozwa na shangazi wa kijana, Bi Rukia, ambaye tangu mlangoni hakuwa ametabasamu. Bi Zuhura akaniita nisaidie kuandaa, nikaanza kupeleka halua na sambusa. Huku chumbani Kamau ameshaunganisha simu, Helka na wenzake wako upande mmoja, Shiku na mama yangu upande mwingine, wote wanangoja sanduku, na mimi naletewa ujumbe: "Lete minyoo."

Nikaona nitaingia na sinia mkono mmoja na kanga begani, nipitie kwenye pazia, nilifunike sanduku, nitoke nalo kana kwamba natoa vyombo. Bi Rukia alikuwa ameanza maneno yake mazuri, "Sisi tumekuja kwa heshima kubwa," na mimi nikafunua pazia kidogo. Kifuniko kimesogea. Ndani kuna maganda ya mananasi na nyungunyungu wawili, nadhani wavivu.

Nikatazama zulia. Lilikuwa jekundu lenye maua, huwezi kutofautisha ua na mnyoo, lakini baadhi ya maua yalikuwa yanatembea. Kabla sijafungua mdomo Bi Rukia akainua mguu polepole, akainama, akatazama kisigino chake.

"Nyoka!"

Walipanda juu ya makochi wote wanne kwa wakati mmoja, sikujua mabuibui yanaweza kuruka vile. Sinia ikaniponyoka, sambusa zikatawanyika katikati ya nyungunyungu, na Kamau kusikia nyoka, mlinzi wa watu, akatoka mbio kuja kuokoa na simu mkononi. Juu amevaa koti na tai kwa ajili ya Helka, chini kaptura kwa ajili ya joto. Wanawake wakaanza kupiga kelele upya, sasa ni kwa sababu yake, naye akageukia ukuta kwa adabu, lakini simu ameinua juu ya bega, inatutazama sisi. Ufini yote ikaona.

Bi Zuhura hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Muthoni, madudu gani haya umenitilia nyumbani kwangu?"

"Ni nyungunyungu, Bibi. Wa kwenda Ufini."

"Wanakwenda Ufini kwa kupitia zulia langu?"

Nilipiga magoti nikaanza kuwaokota, nawatia kwenye sinia ya halua, na machozi yakaja yenyewe, kwa sababu nilijua imekwisha. Helka ameona, wenzake wameona, na familia gani itapewa shamba kama haiwezi kulinda sanduku? Nilikuwa nimemwambia Shiku tutakaa nyumba moja. Nilikuwa nimemwambia kabla ya kuwa na hakika, na hilo ndilo lililonichoma kuliko zulia.

"Mum wa Dubai, unalia?" Ilikuwa sauti ya Shiku, ndani ya simu.

"Minyoo imenitoroka."

"Si uwache hiyo. Huku iko mingi na ni ya bure."

Akampokonya shosho yake, mama yangu, simu akatoka nayo nje. Kamau akanigeuzia kioo nikaona ukungu wa kwetu, kabichi, ng'ombe wa mama amesimama kwenye matope, na Shiku na sweta mbili na kofia, anachimba kando ya boma kwa jembe kubwa kumshinda. Akainua nyungunyungu mmoja mnene, mwekundu, akamsogeza mpaka akajaa kioo chote. Wageni wakanyoosha shingo. Hata Bi Rukia alishusha mguu mmoja kutoka kwenye kochi ili aone.

Helka akauliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Hapo ni wapi?"

"Ni kwetu."

"Kuna baridi?"

"Baridi sana."

"Mbolea mnatumia gani?"

"Ya huyo ng'ombe."

"Na mtoto anaishi na nani?"

"Na mama yangu, na kaka zangu na watoto wao. Wanakula kwa mama wote."

Helka akasogeza uso karibu na kioo. "Na kwetu mnatafuta nini?"

"Nataka kuishi na huyu mtoto," nikasema, bado nimepiga magoti, halua kwenye vidole. "Hicho tu."

"Basi mbona mnazunguka huku kwetu?"

Hakuwa ananicheka. Alikuwa anataka kujua, vile vile mimi nilivyotaka kujua habari za choo chao. Ningemwambia habari ya bei ya kabichi, ile iliyoanguka ikatufukuza Kinangop, lakini ni mimi niliyekuwa tayari kwenda kulima kabichi kwenye theluji bila kuuliza bei.

Bi Rukia akanigeukia kutoka juu ya kochi. "Mwanao huyo?"

"Ndiyo, Bibi."

Alishuka, akakung'uta buibui lake, akakaa. "Haya Bi Zuhura, tuendelee na letu." Na posa ya Salma ikakubaliwa hapo hapo, nami niko chini ya kochi nawatafuta waliobaki.

Jioni Shiku alipiga mwenyewe. Alikuwa na swali moja tu. "Unakuja kutembea ama kukaa?"

Nikasema kukaa, kabla sijafikiri. Kamau alinitazama, nikangoja abishe, yeye akaanza kuifungua ile tai. Nimeshamwambia madam wangu kazini, mwisho wa mkataba naondoka, narudi Kinangop. Tutakula nini huko, hata mimi nataka kujua.

Lakini hili naapa mbele yenu: kwenye sebule ya mtu sitaingiza tena kiumbe ambaye hakualikwa. Zulia nililiosha kwa mikono yangu juu ya paa, na bado kila Bi Zuhura akifagia nyuma ya makochi anaibuka na mmoja aliyekauka. Juzi aliniita tena.

"Muthoni, njoo umchukue mwenzio, kachelewa safari. Nawe usichelewe."