Spika ya Upande wa Kushoto

Nilipoanza kusafiri peke yangu ndipo nilipogundua kuwa gari yangu kuukuu inalia upande mmoja. Spika ya kulia, kwangu mimi dereva, inapiga taarabu vizuri; ya kushoto kimya. Nikabadilisha fyuzi, nikafungua mlango, nikanunua spika mpya. Wapi! Nikaipeleka kwa fundi redio Michenzani, njia nzima namlaani aliyeniuzia spika.

Fundi hakufungua kitu. Alizungusha kitufe kidogo kwenye redio, na spika ya kushoto ikalia.

"Mzee wangu, spika nzima hii. Sauti yote imesukumwa upande wako. Nani kaisukuma?"

Nilimjua. Kila Ijumaa tukienda kwao Kendwa, mke wangu alikaa kushoto akivuta uradi kwa tasbihi yake. Alikuwa akiniomba nipunguze muziki, nami kwa ubishi wangu nikiongeza. Kisha akaacha kuomba. Nikadhani nimeshinda.

Mwaka wa pili huu yumo kaburini. Nikamshukuru fundi, nikaingia garini, na kabla sijatia moto nikakirudisha kitufe pale alipokiacha mke wangu.